Gari la petroli na umeme: Mlima wa Kitale ndio kipimo

GARI la kifahari linalotumia petroli pamoja na umeme wa kuchajiwa humfaa zaidi mwenye safari fupi.

Mfano ni Volvo XC90 T8, lililoingia sokoni mwaka wa 2015. Injini ya petroli huendesha magurudumu ya mbele, nayo mota ya umeme huendesha ya nyuma. Betri yake ya kwanza ilikuwa ya kilowati-saa 9.2, ikikadiriwa na kiwanda kwenda kilomita 43 bila petroli.

Kutoka Bungoma hadi Kitale ni zaidi ya kilomita 70, na Kitale iko juu zaidi kwa takriban mita 500. Kulipandisha gari la tani 2.4 kimo hicho pekee huhitaji zaidi ya kilowati-saa 3, yaani thuluthi moja ya betri hiyo. Wakati wa kuteremka, mota hugeuka jenereta na kurejesha sehemu ya nguvu.

Hivyo basi, anayeishi na kufanya kazi Kitale aweza kutumia petroli kidogo sana, mradi achaji nyumbani kila usiku. Asiyechaji hubeba betri nzito bure huku akiendelea kununua petroli.