Darasa Lisilo na Kuta

Watu husema kwamba mtunzi huzaliwa, hafundishwi. Usemi huu una utamu masikioni, lakini pwani ya Tanga haikupata kuuamini sana. Huko, tangu zamani, kutunga kulihesabiwa kuwa kazi ya mkono na sikio, kama ilivyo kazi ya kuunda dau au kushona kofia. Mtu huja hajui. Hukaa karibu na ajuaye. Hukosea, husahihishwa, kisha siku moja hutoa kitu ambacho wenziwe hawaoni haya kukipokea. Tena aghalabu mwanafunzi wa kazi hiyo hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima mwenye mke, shamba, deni na ndevu. Mahali alipojifunzia mtu huyo palibadilika mara kadhaa katika muda wa miaka mia na zaidi, na kila palipobadilika, wako walioingia na wako walioachwa nje.

Darasa la kwanza lilikuwa baraza. Katika miji ya Mrima wa kaskazini, kama Tanga na Pangani, chuo cha Kurani kiliwapa vijana herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo Kiswahili kiliandikwa karne nyingi kabla ya kuja kwa serikali za Ulaya. Aliyehitimu msahafu alikuwa na kalamu tayari. Lililobaki lilikuwa kumpata wa kumfundisha mizani. Mwalimu huyo hakuwa na ubao wala daftari la mahudhurio. Mtihani wake ulikuwa majibizano: mmoja hutupa swali kwa shairi, na mwenziwe hulazimika kujibu kwa vina vile vile na mizani ile ile. Aliyeshindwa kujibu alijua mwenyewe kwamba hajafika, wala hapakuwa na haja ya kupewa alama.

Matunda ya darasa hilo yaonekana katika kazi ya Hemedi bin Abdallah al-Buhriy. Vita vilipozuka pwani mwaka 1888 kati ya wenyeji na Kampuni ya Wadachi, na Abushiri bin Salim alipokamatwa na kunyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, Hemedi aliyatungia mambo hayo utenzi. Umbo la utenzi, lenye vipande vinne vya mizani minane, vitatu vikifanana kwa kina na cha nne kikibeba kina cha utenzi mzima, lilikuwa limezoea kuchukua habari za Mtume na masahaba. Hemedi mwenyewe alilitumia hivyo katika utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani. Lakini msiba ulipomjia mlangoni, alilichukua lile umbo la zamani akalitwika habari ya manowari, mizinga na watu aliowajua kwa majina. Hapo faida ya kufundishwa huonekana. Asiyefunzwa hulia, aliyefunzwa huweza kukipa kilio chake sura ambayo watu wa baadaye wataijua. Utenzi huo ulipigwa chapa mwaka 1955 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Ali bin Hemedi, mwana wa mtunzi, alikuwa kadhi wa Tanga na mwandishi wa kitabu cha sheria ya ndoa. Kalamu haikutoka katika nyumba ile.

Lakini katika neno hilo “nyumba” ndimo ilimokaa kasoro ya baraza. Ilikaribisha jamaa, majirani na watu wa dini moja. Mkonge ulipoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani, ulifungua mashamba yaliyovuta manamba kutoka nchi za mbali za bara. Watu hao walijifunza Kiswahili kwa kazi na kwa jasho. Kukisema walikisema, nafasi ya kukaa barazani na kusahihishwa beti zao haikuwa rahisi kwao kuipata.

Darasa la pili lilikuwa gazeti. Serikali ya Wadachi ilifungua shule mjini Tanga katika miaka ya 1890, ikafundisha kwa Kiswahili na kwa herufi za Kirumi ili ipate makarani na walimu. Katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20 shule hiyo ilianza kutoa gazeti lililoitwa Kiongozi, ambalo liliendelea mpaka 1916, mwaka ambao Waingereza waliuteka mji. Ndani yake wasomaji walipeleka habari na mashairi yao. Mwalimu au karani aliyekaa peke yake mbali na pwani aliweza sasa kusema na watu asiowaona, na kujibiwa.

Faida hiyo ilikuwa na bei. Mzee aliyeweza kuandika utenzi wa beti mamia kwa herufi za Kiarabu, akifika mbele ya meza ya karani, alikuwa sawa na mtu asiyejua kusoma. Elimu yake haikupungua hata chembe. Mlango ndio uliohamishwa. Si haki, basi, kusema kwamba shule ile ilileta maandishi Tanga. Ilileta maandishi mengine, ikayafanya yaliyokuwapo yasionekane.

Gazeti lililofanya kazi kubwa zaidi ni Mambo Leo, lililoanza kutolewa na serikali ya Kiingereza mjini Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923. Kurasa zake za mashairi zilikuwa baraza iliyotandazwa juu ya nchi nzima. Mtu wa Tanga aliweza kuuliza fumbo, na mtu wa Tabora akalifumbua katika toleo la baadaye. Aliyekosea vina alijiweka katika hatari ya kukosolewa mbele ya wasomaji wote, na hofu hiyo ilikuwa mwalimu mkali kupita fimbo. Wengi wa wanafunzi wa darasa hilo walikuwa watumishi wa ofisi, wachuuzi na walimu, watu waliokwisha kuacha shule, wakiandika usiku kwa taa ya mafuta baada ya kazi ya mchana.

Mmoja wao alikuwa Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akasoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaanza ukarani wa forodha huko Pangani. Chuo kikuu hakupata kukiona kwa masomo. Maisha yake yote ya uandishi yalikuwa maisha ya mtumishi wa serikali mwenye kuajiriwa mchana na kujiajiri usiku. Kwa hiyo haishangazi kwamba mtu huyu, aliyejifundisha ukubwani, alikumbuka kuwaandikia wanaojifundisha. Kitabu chake Kielezo cha Insha kilitoka mwaka 1954, miaka mitatu baada ya Kusadikika, kumsaidia atakaye kuandika nathari.

Mwaka huo huo wa 1954 kilitoka Sheria za Kutunga Mashairi cha Kaluta Amri Abedi. Mwandishi wake alizaliwa Ujiji mwaka 1924, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mbali na bahari kadiri nchi iwezavyo kumweka mtu. Alichokisema barazani mwalimu wa pwani kwa mdomo, yeye alikiweka kitabuni: mizani kumi na sita ya mshororo, minane kwa minane, vina vya kati na vya mwisho, beti na kituo chake. Tangu hapo mtu asiye na mjomba mshairi aliweza kununua mjomba wa karatasi. Hilo ndilo lililokuwa darasa la tatu.

Lakini sheria ni kitu cha ajabu: humfungulia mlango mgeni, kisha mgeni akishakuwa mwenyeji huifanya kuwa komeo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, akiacha vina na mizani, wako waliosema kwamba hayo si mashairi kabisa. Wenye kushika kanuni walikuwa na hoja, maana kanuni ndizo zilizowalea. Walichosahau ni kwamba Hemedi naye alisifiwa kwa kulipeleka umbo mahali ambapo halikuwa limezoea kwenda.

Wanawake walikuwa na darasa lao, na wanahistoria wa vitabu hulipita kwa haraka. Lelemama na ngoma nyingine za pwani zilikuwa na mashindano, na mashindano yalidai maneno mapya yenye ncha iliyofichwa. Baadaye taarabu ya Tanga, kwa vikundi vya Black Star na Lucky Star, iliyachukua mafumbo hayo hata katika redio. Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016, alijulikana Afrika Mashariki nzima kwa nyimbo za shule hiyo. Asiyejua kusoma aliweza kuukosoa wimbo kwa sikio, na hukumu yake ilisikilizwa.

Ndipo lilipokuja darasa kubwa kuliko yote. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima waliojua kusoma nchini walikuwa kama theluthi moja. Hesabu ya serikali ya mwaka 1975 ilitoa asilimia 61, na ya mwaka 1986 asilimia 90. Kazi hiyo haina budi kuheshimiwa. Hata hivyo vitabu vya kisomo vilifundisha zaidi kilimo, afya na ufugaji: mambo ambayo msomaji aliambiwa. Kusoma maagizo ni nusu ya kisomo. Nusu ya pili ni kuwa na la kujibu. Miaka hiyo hiyo, mwaka 1977, diwani ya Mwinyihatibu Mohamed iitwayo Malenga wa Mrima ilitoka ikionyesha kwamba baraza la zamani lilikuwa bado linazaa. Madarasa mawili yalikuwa wazi wakati mmoja: moja lilikuwa na wanafunzi wengi wasioulizwa kutunga, jingine lilikuwa na watunzi wachache wasio na madawati.

Atakayetaka leo kuwafundisha watu wazima kutunga katika Tanga hana haja ya kuagiza mfano kutoka ng’ambo. Baraza litampa wa kumjibu, gazeti litampa wasomaji asiowajua, kitabu kitampa kanuni, na ngoma ya wanawake itamkumbusha kwamba sikio lina haki kama kalamu. Wala asiulize kwanza kama mwanafunzi anajua herufi zipi. Amuulize ana neno gani, kisha amkalishe karibu na mtu atakayemjibu.