Wimbo Ulionyamazishwa na Bahari

Wajapani wana nyimbo za mapenzi za taratibu ambazo huzipenda zaidi majira ya joto, ufukweni, jua likizama. Fundi wa nyimbo hizo ni Kuwata Keisuke, aliyezaliwa mwaka 1956 huko Chigasaki, mji wa pwani kusini-magharibi ya Tokyo. Bendi yake, Southern All Stars, ilitoa sahani ya kwanza mwaka 1978. Mwaka 1990 ikatoa "Manatsu no Kajitsu", yaani tunda la kilele cha joto, na Jacky Cheung wa Hong Kong akauimba kwa Kichina.

Januari 2000 ukaja "Tsunami". Neno lenyewe maana yake ni wimbi la bandarini (sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tulilijua vyema Desemba 2004), lakini wimbo hauna maafa ndani yake. Ni mtu aliyelemewa na mapenzi. Zilinunuliwa nakala zaidi ya milioni mbili.

Tarehe 11 Machi 2011 bahari iliinuka kaskazini-mashariki ya Japani. Watu zaidi ya 18,000 walikufa au hawakuonekana tena. Redio nyingi zikaacha kuupiga wimbo ule. Hapakuwa na amri ya serikali. Watangazaji walijizuia wenyewe kwa kuwaonea huruma wafiwa.

Nawaelewa, ila nasikitika. Bila shaka miongoni mwa wafiwa hao wamo waliochumbiana kwa wimbo uleule, nao wangependa kuusikia tena, hata kama jina lake linawachoma.