Karatasi ya Karanga na Joram Kiango

SEHEMU YA 1: KARANGA ZA TANDIKA

Niliahidi kwamba tukimaliza mada ya chanjo tutapumzika kidogo na mambo ya zamani. Basi leo ndo leo. Mtoto akilala, soma. Asipolala, mpakate usome hivyo hivyo.

Juzi nimetoka shifti ya usiku, macho mazito, miguu imevimba. Pale Tandika nikisubiri daladala nikanunua karanga za mia tano. Nikazimaliza, nikabaki na karatasi. Mimi nina ugonjwa mmoja: siwezi kutupa karatasi iliyofungiwa kitu bila kuisoma. Nimeshasoma matangazo ya misiba ya miaka kumi iliyopita kwenye vitumbua. Kuna siku nilisoma nusu ya kioja cha mbuzi aliyelala kituoni kama kielelezo cha wizi, na mpaka leo sijui ile kesi iliishaje.

Karatasi ya juzi haikuwa ya gazeti. Ilikuwa ya kitabu, imekuwa njano kama chai ya maziwa. Ilianza katikati ya sentensi na kuishia katikati ya sentensi nyingine, lakini kulikuwa na jina moja lililonitosha: Joram.

Nikarudi kwa muuza karanga. "Kaka, hiki kitabu kingine kiko wapi?" Akaniangalia kama mgonjwa. Akainua ndoo, chini yake kuna nusu ya kitabu, jalada hakina, mwisho hakina. "Chukua tu sista, hiki nilikipimiwa kwa kilo." Nikampa buku, akashangaa mpaka basi.

(Kama nesi niseme na hili, halafu tuendelee: karatasi yenye wino si ya kufungia chakula. Mnisamehe, na mimi nimekula.)

Nilipofika nyumbani Mbagala, mama yangu akaishika ile nusu ya kitabu, akaivalia miwani, akasema, "Joram Kiango! Na yule msichana wake, Nuru!" Akakaa chini. Ugali wa mchana siku hiyo niliupika mimi.

SEHEMU YA 2: BWANA AFYA ALIYEANDIKA UPELELEZI

Kwa wadogo zangu ambao hamjui: kabla ya simu, kabla ya tamthilia za Kituruki, watu walikesha na vitabu vidogo vya jalada jepesi. Upelelezi, mapenzi, mauaji. Wasomi wanaviita riwaya pendwa. Mitaani vilikuwa hadithi tu.

Aliyefungua njia kwa upelelezi wa Kiswahili ni Mzanzibari, Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa 1918. Hapa ndipo nilipofurahi mimi: huyu mzee alikuwa mwenzetu. Alipomaliza shule 1938 aliajiriwa kama mkaguzi katika idara ya afya, akafanya kazi hiyo miaka 10. Ndipo 1948 akaingia kwenye uandishi wa magazeti. Baadaye alivuka bahari kuja kuhariri jarida la Mkulima, mpaka alipostaafu 1968.

Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikatoka kitabu 1960. Mpelelezi wake anaitwa Bwana Msa, mzee mtulivu mwenye kiko mdomoni. Ukimwona unamkumbuka Sherlock Holmes wa Waingereza, ila huyu anaishi na watu wa visiwani na anaongea kama wao. Mtu anakutwa ameuawa penye mzimu. Mahali penyewe panatisha, na ni rahisi kila mtu kusema mzimu umemchukua. Bwana Msa haoni sababu ya kusingizia mizimu. Anauliza maswali: nani alimwona mara ya mwisho? Saa ngapi? Nani anafaidika?

Mama zangu, hiyo ndo kazi yetu kila siku pale mapokezi. Mtoto analetwa na degedege, bibi anasema ni mdudu wa angani, shangazi anasema amerogwa. Sisi tunauliza: homa ilianza lini? Amekula nini? Amekojoa? Tunatoboa kidole, tunapima malaria. Simdharau bibi hata kidogo, kwa sababu ana hofu ya kweli. Lakini anayepoteza siku mbili akimtafuta mchawi anaweza kumpoteza mtoto. Bwana Msa alikuwa anawafundisha watu kuuliza tangu 1960, tena kwa raha, bila kuwagombeza. Sisi manesi tungejifunza hapo kwenye "bila kuwagombeza". Najua mnaniangalia.

SEHEMU YA 3: TULIFUNDISHWA KUSOMEA VYOO, TUKASOMA WILLY GAMBA

Bara nako hakukulala. 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, upelelezi wa mjini hasa, simu inalia na polisi wanahangaika. Baadaye huyo huyo akawa mhariri wa jarida la Film Tanzania, lililokuwa na hadithi za picha: waigizaji wanapigwa picha, maneno yao yanaandikwa juu yake. Ni sinema unayoishika mkononi.

Lakini kitabu hakina kazi kama msomaji hayupo. Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa kati ya watu wazima 100 wa nchi hii, 67 hawajui kusoma na kuandika. Kufikia 1977 walikuwa wamebaki 27. Miaka 10 tu! Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na baba na mama zetu walikaa kwenye madawati ya watoto wao jioni, chini ya miembe, kwenye magodauni, popote.

Na walisoma nini? Walisoma kilimo bora, pamba, na afya. 1973 kulikuwa na kampeni inayoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu pamoja, halafu wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Vyoo vilichimbwa laki kwa laki. Mpaka leo sisi watu wa afya tunaiongelea kampeni hiyo kwa wivu.

Mwaka mmoja baadaye, 1974, Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona. Humo nyaraka za siri za wapigania uhuru zinaibiwa hapa Dar, na Willy Gamba, kachero mtanashati, anatumwa kuzifuata mpaka Nairobi. Usione ni ndoto tupu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa hapa Dar es Salaam tangu 1963. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Afrika Kusini walikuwa wanapita mitaani, watu wanawaona. Kwa hiyo msomaji wa Temeke aliposoma Willy Gamba akipambana na majasusi wa makaburu, alikuwa anasoma habari za mjini kwake. 1979 kikafuata Kikosi cha Kisasi, na Willy safari hii yuko Kinshasa.

Kwa hiyo wazazi wetu walifundishwa kusoma ili wachimbe vyoo, na walichimba. Ila usiku, taa ya chemli ikiwa imeshushwa utambi, walimsoma Willy Gamba. Kuna walimu walioviita vitabu vya kihuni. Mama ananiambia yeye alikifunga chake kwa karatasi ya kaki kama daftari la hesabu, na babu alimsifu kwa bidii yake ya masomo.

SEHEMU YA 4: SABUNI HAKUNA, HADITHI IPO

Miaka ya mwanzo ya 1980 wenye umri mnaikumbuka. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, kitenge kwa kibali. Karatasi nayo ilikuwa shida. Ungedhani vitabu ndo vingekufa kwanza. Havikufa. Waandishi waliacha kusubiri mashirika makubwa, wakawa wanachapa na kuuza wenyewe: vitabu vyembamba, karatasi hafifu, herufi ndogo, jalada lenye bastola na msichana.

Hapo ndipo alipotokea Ben Mtobwa, kijana wa Kigoma, na Joram Kiango wake. Joram hakuajiriwa na serikali kama Willy. Ana ofisi yake, ana Nuru wake, anacheka hata akiwa kwenye hatari. Kajubi Mukajanga naye aliandika vikasomwa sana, halafu miaka mingi baadaye akaja kuongoza Baraza la Habari. Hammie Rajab aliandika mapenzi, uchawi na ugomvi wa nyumbani.

Na Sani! Waliokua na Sani nyoosheni mikono. Jina lenyewe ni vipande vya majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo alimokaa Madenge mtundu, Lodi Lofa asiye na senti mwenye makuu ya tajiri, Ndumilakuwili, na Kipepe wa mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 bado kijana. Kabla yao alikuwepo Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Kila mtaa ulikuwa na Lodi Lofa wake, na watu walimwita hivyo hivyo.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimesoma vingi, na vina kasoro. Mwanamke mara nyingi ni mzuri mno, halafu ni jasusi, halafu anakufa ukurasa wa 90. Akina mama wenye watoto hawamo. Nesi akitokea, ni wa kumfunga shujaa bandeji na kumpenda. (Shifti ya usiku wodi nzima unahudumia wawili, huyo shujaa utampenda saa ngapi?) Kwa mtoto wa darasa la nne vingine havifai. Visome wewe kwanza.

Televisheni ilikuja Bara 1994. Hadithi zikahamia magazeti ya udaku, zinaishia "itaendelea wiki ijayo", halafu zikahamia kwenye simu. Vitabu vikaenda chini ya vitanda. Baba akifariki, nyumba inafagiliwa, vinauzwa kwa kilo. Ndo vinafika kwa kaka wa karanga.

SEHEMU YA 5: PAKITI KWENYE KIKOMBE

Sasa kwa nini nesi anawasumbua na haya? Kwa sababu ya mdogo wangu mmoja aliyekuja na mtoto wa miezi kumi. Sitasema ni wapi wala lini.

Mtoto alikuwa anaharisha siku ya tatu. Mama alikuwa amepewa chumvichumvi, ile ORS, na amempa kweli kweli, hakuzembea. Lakini mtoto alikuwa na kiu isiyoisha, analialia, amekosa raha. Nikamuuliza unaichanganyaje. Akasema, "Pakiti moja kwenye kikombe, sista." Kikombe cha chai. Pakiti ile ni ya lita moja ya maji safi. Imeandikwa, kwa Kiswahili, kwenye pakiti yenyewe.

Nikamuuliza taratibu kama aliisoma. Akainamisha kichwa. Amemaliza darasa la saba. Kusoma anajua. Lakini akaniambia neno ambalo sijalisahau: tangu amalize shule hajawahi kusoma kitu chochote ambacho hakulazimishwa. Maandishi madogo yakimtazama anaona kama mtihani, anamwomba jirani. Na jirani siku hiyo hakuwepo.

Mtoto alipona, Mungu mkubwa. Ila mimi nilirudi nyumbani nikimfikiria mama yangu na daftari lake la uongo la hesabu. Mama naye ni wa darasa la saba. Lakini amesoma kurasa elfu na elfu kwa sababu alitaka kujua Joram atatokaje mle ndani. Kusoma kwake hakukupata kutu. Pakiti ya dawa akiishika anaisoma mpaka jina la kiwanda.

Tunapeleka vipeperushi, tunabandika mabango, tunaandika kadi ya kliniki. Vyote ni vya kumwambia mama fanya hivi, usifanye hivi. Nani anampa kitu cha kusoma kwa raha yake? Kina Musiba na Mtobwa walimpa. Hawakuwa watu wa afya, isipokuwa yule mzee wa Zanzibar, lakini ninaamini wametusaidia kazi yetu kuliko tunavyokiri.

Kabla sijasahau, piga picha ya skrini: PAKITI MOJA YA ORS, LITA MOJA YA MAJI SAFI NA SALAMA. Ikizidi saa 24 mwaga, changanya nyingine. Mpe kidogo kidogo, na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14 kama utakavyoelekezwa, hata kuhara kukiacha. Ziwa usimnyime. Akishindwa kunywa, akilegea, au ukiona damu kwenye choo, usisubiri asubuhi.

Kuhusu ile nusu ya kitabu: mama aliimaliza siku mbili, akanilaumu mimi kwamba mwisho wake umeliwa na karanga. Jana nimemkuta barazani anamsimulia mwanangu wa miaka saba, anaruka pale panaporukwa. Alipofika kwenye ukurasa wa mwisho akanyamaza. Mtoto akamvuta khanga: "Bibi, halafu?"

"Halafu mama yako akitafute kitabu kizima, ukasome mwenyewe."

Basi natafuta. Kwenu chini ya kitanda kuna nini? Angalieni kabla hamjauza kwa kilo, halafu mniandikie hapo chini: kitabu gani, cha nani nyumbani, na alikuwa anakificha wapi. Wiki ijayo ntawaletea vioja vya magazeti ya zamani. Usiku mwema, na mimi naingia shifti.