Uanagenzi Katika Chumba cha Habari



Juma lililopita mmoja wenu aliniuliza ni chuo gani kinachomfaa mtu anayetaka kuwa mtangazaji wa redio. Nilimtajia vyuo viwili vitatu, kisha nikasita, kwa maana jibu langu lilikuwa pungufu. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, kazi ya habari haikufunzwa darasani. Ilifunzwa kama useremala na uundaji wa majahazi: kijana mmoja huketi kando ya fundi mmoja, akaitazama mikono yake, akakosea, akakemewa, akarudia. Kiswahili kina neno mahususi kwa kijana huyo, nalo ni mwanagenzi. Hali yake huitwa uanagenzi. Liandike neno hilo katika daftari lako, kisha andika na jingine, kilemba. Hilo unalijua kuwa ni kitambaa cha kichwani, lakini katika desturi za pwani ni pia zawadi apewayo fundi au mwalimu mwishoni mwa kazi yake. Deni la mwanagenzi lilikuwa na jina.

Nitakupeleka kwanza mbali, mjini Boston, mwaka 1718, wakati ambapo Marekani haikuwa bado nchi bali makoloni ya Uingereza. Mvulana wa miaka 12, Benjamin Franklin, alitia sahihi mkataba wa uanagenzi kwa kaka yake James, aliyekuwa mpiga chapa. Mkataba ulimfunga hadi atimize miaka 21, na katika mwaka wa mwisho tu ndipo angelipwa ujira wa mfanyakazi kamili. Miaka tisa! Ukiuliza alifundishwa nini, jibu la haraka ni kupanga herufi za risasi moja moja na kuuendesha mtambo. Lakini mwaka 1721 James alianzisha gazeti, New-England Courant, na mvulana huyo akajikuta anapanga kwa vidole vyake sentensi za watu wazima wanaobishana. Mtu apangaye sentensi herufi kwa herufi huijua sentensi kuliko msomaji yeyote.

Hapa nataka uangalie kwa makini, kwani jambo hili linakuhusu wewe unayejifunza lugha. Franklin alipata nakala za jarida la London liitwalo The Spectator, akapendezwa na uandishi wake. Alisoma insha, akaandika maneno machache ya kumkumbusha wazo la kila sentensi, akaiweka insha kando kwa siku kadhaa, kisha akajaribu kuiandika upya kwa maneno yake. Alipomaliza aliilinganisha kazi yake na ile ya asili, akasahihisha. Nyakati nyingine aliyachanganya makaratasi yale ya kumbukumbu makusudi, ili ajifunze kuyapanga mawazo. Aligundua kwamba akiba yake ya maneno ilikuwa ndogo, basi akageuza hadithi kuwa mashairi, na mashairi hayo akayarudisha kuwa nathari. Hakuwa na mwalimu katika zoezi hilo. Alilifanya usiku baada ya kazi, na asubuhi kabla ya kazi. Nami nimelitumia darasani kwa habari fupi za Kiswahili, na sijaona zoezi lililo bora.

Mwaka 1722, akiwa na miaka 16, aliandika barua kwa jina la kubuni la mjane, Silence Dogood, akazisukuma usiku chini ya mlango wa karakana. James na rafiki zake walizisoma, wakazisifu, wakabahatisha kuwa mwandishi ni mmoja wa wasomi wa mji. Barua 14 zilichapishwa. Ukweli ulipofichuka, James hakufurahi. Fundi huyo alikuwa mkali, na mara nyingi alimpiga mdogo wake. Franklin mwenyewe aliandika uzeeni kwamba ukatili huo huenda ndio uliompandikizia chuki dhidi ya utawala wa kidhalimu.

Mwaka huo huo Baraza la koloni lilimfunga James kwa takriban mwezi mmoja kwa sababu ya yaliyochapishwa gazetini, na mwanagenzi ndiye aliyeliendesha gazeti. Mwaka 1723 James alikatazwa kulichapisha. Marafiki wakashauri litoke kwa jina la Benjamin. Ili hila hiyo isionekane, mkataba wa zamani ulirudishwa kwa kijana ukiwa umeandikwa mgongoni kwamba yuko huru, na mkataba mwingine wa siri ukatiwa sahihi. Walipogombana tena, Benjamin aliondoka, akijua kuwa kaka yake hangethubutu kuutoa hadharani mkataba wa siri. James akazunguka kwa wapiga chapa wote wa Boston kuwaonya wasimwajiri. Kijana akatoroka hadi Philadelphia.

Wengi huisimulia habari hii kama hadithi ya kijana shujaa na kaka mwovu. Mimi siisomi hivyo, na Franklin pia hakuisoma hivyo: alikiri kwamba kuutumia mkataba ule wa siri kwa faida yake lilikuwa kosa, moja la makosa ya kwanza ya maisha yake. Miaka kadhaa baadaye alimtembelea James, aliyekuwa mgonjwa mjini Newport, wakapatana. James alimwomba amchukue mwanawe, wakati huo mtoto wa miaka 10, amfunze upigaji chapa. Benjamin akamchukua, akampeleka shule kwa miaka michache, kisha akamweka karakanani. Mtoto alipokua na kurudi kwa mama yake, ami yake alimpa herufi mpya, kwa kuwa zile za baba zilikuwa zimechakaa. Nikisoma sehemu hiyo hukumbuka kilemba, ingawa hapa kilikwenda kwa mtoto wa fundi badala ya fundi mwenyewe.

Katika Afrika ya Mashariki nako magazeti ya kwanza ya Kiswahili yalizaliwa palipokuwa na vijana wanaojifunza. Misheni ya Waanglikana huko Unguja iliwafunza kupiga chapa baadhi ya vijana waliokombolewa kutoka utumwani, na chuoni Kiungani kukatoka Msimulizi mwaka 1888. Mjini Tanga, shule ya serikali ya Wajerumani ilitoa gazeti la Kiongozi hadi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Hebu fikiri: kijana aliyewahi kuhesabiwa kuwa mali ya mtu anashika herufi na kuziweka katika mstari.

Tugeukie sasa kwetu, katika nchi za Maziwa Makuu. Chini ya Wabelgiji, Mwafrika aliyetaka elimu ya juu alikuta milango michache mno, na gazeti likawa mojawapo ya ngazi. Kinyamateka, gazeti la Kanisa Katoliki lililoanza Kabgayi mwaka 1933, lilihaririwa katika miaka ya 1950 na Grégoire Kayibanda. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, rais wake alikuwa yeye. Huko Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa, mwanajeshi mmoja aliyekuwa akipenda kuandika aliacha jeshi mwaka 1956 akaingia katika gazeti la L'Avenir. Mwaka 1958 alikwenda Brussels kuandika habari za Maonyesho ya Dunia, akabaki kupata mafunzo ya uandishi. Jina lake Joseph-Désiré Mobutu. Mwaka 1965 alitwaa madaraka, na unajua jinsi magazeti ya nchi hiyo yalivyoishi chini yake. Alizijua njia zote za chumba cha habari, kwa hiyo alijua pia mahali pa kukaza kamba.

Ninafika sasa kwenye jambo lililonifanya nisite nilipoulizwa lile swali. Mwanagenzi hujifunza chochote anachokifanya fundi, kiwe chema au kiovu. Mnamo Julai 1993 redio RTLM ilianza kutangaza mjini Kigali. Miongoni mwa watangazaji wake walikuwamo watu waliokwisha kuifanya kazi hiyo kwingineko, wenye sauti za kuvutia, wanaojua lini wacheke na lini wapige muziki. Kwa upande wa ufundi hawakuwa wajinga hata kidogo. Januari 1994 alijiunga nao Mbelgiji, Georges Ruggiu, ambaye hakuwahi kuwa mwandishi wa habari. Alijifunzia kazi hapo hapo, mbele ya kipaza sauti, katikati ya watu hao, na katika miezi ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi alitangaza kwa Kifaransa maneno ya uchochezi. Mwaka 2000 alikiri kosa mbele ya Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha, akahukumiwa miaka 12. Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani Nahimana na Barayagwiza, waliohusika kuianzisha redio hiyo, pamoja na Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura.

Usiseme basi kwamba chuo kingemwokoa. Nahimana alikuwa profesa wa historia.

Hapa Burundi tulikuwa tumekwisha kutumbukia gizani. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, na mauaji yakaenea. Mwaka 1995 shirika la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo mjini Bujumbura; ijambo kwa Kirundi ni neno. Utaratibu wake mmoja ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuutekeleza: waandishi Wahutu na Watutsi walifanya kazi pamoja, katika timu moja, juu ya habari moja. Fikiria maana yake barabarani wakati ule. Palikuwa na mitaa ambayo mmoja hangeweza kuingia bila mwenziwe, na palikuwa na mitaa ambayo mambo yaligeuka. Wakirudi studio walikuwa na kanda moja, na ilibidi wakubaliane juu ya kila neno. Je, wale wenye silaha waitwe wahalifu, waasi, au wapiganaji? Mmoja akiandika neno alilozoea kulisikia nyumbani kwao, mwenziwe yuko hapo anamtazama. Kila mmoja alikuwa fundi wa mwingine, na kila mmoja mwanagenzi.

Mwaka 2001 Alexis Sinduhije alianzisha Radio Publique Africaine, akawaajiri humo, pamoja na wengine, watu waliokuwa wapiganaji wa pande hasimu, wakafunzwa kazi wakiwa kazini. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, vituo kadhaa vya redio vya binafsi vilishambuliwa na kunyamazishwa, hicho kikiwamo, na waandishi wengi wakakimbilia nje ya nchi. Vyombo vinaweza kununuliwa tena. Lakini mwandishi mzoefu akiondoka, kiti cha kando yake hubaki bila maana. Kijana anayeingia huikuta meza na asimkute mtu.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kike, mzaliwa wa Buyenzi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani na cha sokoni kabla hakijawa cha shule. Alikwenda kituo kimoja cha redio kuomba kazi, akaambiwa akae na mtangazaji wa habari za Kiswahili, ajifunze. Mwaka wa kwanza alitafsiri taarifa kutoka Kifaransa, akazisoma kwa sauti katika chumba kitupu, na fundi wake akimkata kila alipoandika sentensi ambayo mama yake asingeielewa. Naona hilo ni somo la Kiswahili kuliko yote niliyompa mimi. Mwaka wa pili alifanya hayo hayo. Hakuwa akilipwa kitu, hata nauli.

Hapo ndipo uanagenzi wa leo unapooza. Mvulana wa Boston alilala na kula kwa gharama ya fundi. Mkataba ulisema hivyo. Kijana wetu hana mkataba wowote, na baada ya mkutano wa waandishi mwenye mkutano hugawa bahasha. Kwa wenzetu wa Kongo huitwa coupage. Fundi anaipokea, naye ana watoto na mshahara usiotosha. Mwanagenzi anaiona, akaelewa bila kuambiwa neno. Kesho habari ya aliyetoa bahasha inatangulia, na ya kijiji kilichokosa maji inasubiri. Kituo kisichomlipa mwanafunzi wake kimekwisha kumchagulia mwalimu mwingine, na vyombo vyetu vingi vinajua hivyo.

Yeye aliniambia alichukua bahasha mara mbili. Mara ya tatu fundi wake alimwambia, kwa upole, arudishe, akamlipia nauli mfukoni mwake. Sikumuuliza kama fundi huyo alikuwa amerudisha ya kwake.

Mwezi uliopita alikuja kuazima kamusi. Aliandamana na kijana wa miaka 18 hivi aliyebeba kinasa sauti, akakaa mlangoni asiseme kitu. Nilipokuwa nikiitafuta kamusi nilimsikia mwanafunzi wangu akimwambia amsomee alichoandika asubuhi ile huko sokoni. Kijana akasoma. Akamkata katika sentensi ya pili, akamuuliza, "Nani alikwambia hivyo, na ulimwona kwa macho yako?" Kijana akakaa kimya, kisha akafuta.