Garanti ya nyumba: sheria inasema miezi 3

Huku Mumosho na Bukavu mjini, wenye nyumba fulani wanaomba garanti ya miezi 6. Lakini sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema: kwa nyumba ya kuishi, garanti haipiti malipo ya miezi 3. Nyumba ya dola 20 kwa mwezi, garanti mwisho dola 60.

Mupangaji akitoka bila deni wala kuharibu kitu, anarudishiwa feza yake.

Mukigombana, mwenye nyumba hana haki ya kukutupia vyombo inje. Kwanza munapatanishwa kwenye ofisi ya serkali ya makazi. Ikishindikana, munaenda mahakama ya amani. Kwa hiyo andikeni kontra na mutunze risiti: pale mbele, karatasi ndiyo inasema.