Pambo la Ndani: Vidaka, Sahani na Makopo ya Mrehani

Nyumba ya mawe ya Lamu haijipambi kwa ajili ya mpita njia. Pita vichochoro vya mtaa wa Mkomani utaona ukuta mrefu wa chokaa, vidirisha vilivyo juu kuliko kichwa cha mtu, na daka lenye mabaraza mawili ya mawe ambapo mwenye nyumba huketi na wageni wake. Cha kutazamwa kutoka njiani ni mlango peke yake. Ndiyo maana milango imeandikwa vitabu, ikapigwa picha, ikatiwa kwenye kadi za posta, na mingine ikang'olewa na kupakiwa melini. Mimi nilizaliwa nyuma ya mlango wa namna hiyo. Nataka kueleza historia ya yaliyokuwa nyuma yake: namna watu wa pwani walivyopamba nyumba zao kwa ndani, kwa vidaka na sahani, kwa mikeka, na kwa mimea ya kunukia. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake, na kwa sababu hiyo imehesabiwa kuwa shughuli za nyumbani tu. Nasema ni sanaa, na ina historia ya karne nyingi.

Historia hiyo inaanzia kwenye boriti. Nyumba zilijengwa kwa matumbawe na kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, na dari ikabebwa na miti ya mikoko. Boriti haivuki sana mita tatu, kwani ikizidi hapo hupinda kwa uzito wa mawe yaliyo juu yake. Basi chumba kilikuwa chembamba hata kwa tajiri. Kilichoweza kuongezwa ni urefu. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18 vyumba hivyo virefu vilipangwa kimoja nyuma ya kingine kuanzia kiwanda, yaani ua wa ndani: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Kila kimoja kiliinuliwa kidogo kuliko kilichokitangulia, na kadiri mtu alivyoingia ndivyo mwanga ulivyopungua.

Mafundi wa chokaa walilijibu giza hilo kwa vidaka. Ukuta wa ndani waliujaza safu juu ya safu za vishubaka vyenye matao madogo na nakshi za kuchonga, hata mtu akiketi kiwandani na kutazama kwa ndani, ukuta ule humjia mweupe na wa mbali kuliko ulivyo. Chokaa ilipokea mwanga mchache wa kiwanda na kuurudisha chumbani. Nimekaa mbele ya ukuta kama huo saa za alasiri, jua likigusa sakafu ya kiwanda, nikaona nakshi zikijitokeza moja baada ya moja. Aliyeubuni alijua saa za nyumba yake.

Lamu haikuwa ya kwanza kuwa na vidaka. Vimo katika magofu ya Songo Mnara karibu na Kilwa, mji uliositawi kati ya karne ya 14 na ya 16. Huko Kilwa Kisiwani mafundi walitia bakuli za kung'aa ndani ya kuba za msikiti mdogo, zikitazama chini kwa waumini. Gedi, karibu na Malindi, ilipoanza kufukuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman mwaka 1948, nyumba kadhaa zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: bakuli la kaure, mkasi, taa ya chuma, kauri. Nayapenda sana majina hayo. Mji ambao watawala wake hatuwajui vizuri unakumbukwa kwa vyombo vya watu wake wa nyumbani.

Vidakani viliwekwa vitu vya kutumika na vya kuonewa fahari kwa pamoja: msahafu, mrashi wa maji ya waridi, chetezo, taa, na kaure iliyotoka Uchina kwa majahazi ya pepo za msimu. Sahani nyingine zilikazwa ukutani kwa chokaa. Wazee wa Lamu wamewasimulia watafiti kwamba sahani hizo zilikuwa kinga pia: jicho la hasidi huangukia uzuri wa chombo kabla halijamfikia mtu, na chombo kikipasuka, kimebeba balaa la mwenye nyumba. Ndani ndiko mama alikojifungulia, na ndiko maiti alikooshewa, kwa hiyo kinga ilihitajika huko kuliko kwingine kokote. Hata birika la choo lilikuwa na bakuli la kaure lililojengewa chini kabisa. Samaki wadogo waliachiwa majini wale viluwiluwi vya mbu, na maji yalipopungua bakuli likabaki kuwa kimbilio lao.

Pambo hili lilikuwa kipimo cha ustawi, na watu wa zamani walilijua hilo vyema. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotunga shairi la Al-Inkishafi ili kuonyesha jinsi dunia inavyopita, alitoa mfano wa majumba ya mji wa Pate. Aliingia vyumbani, akaonyesha taa zilizozimika na vidaka vya vyombo vilivyogeuka makazi ya ndege. Angeweza kuishia kwenye ngome na vita. Alichagua ndani ya nyumba kwa sababu wasomaji wake wangeumia hapo.

Mimea nayo ina ushahidi wa zamani. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteka Kilwa. Katika msafara huo alikuwamo Mjerumani Hans Mayr, ambaye masimulizi yake yanataja bustani zilizokuwa na malimau, machungwa matamu, vitunguu vidogo na mimea ya kunukia, zikimwagiliwa kwa maji ya visima. Mji ukiporwa, mtu mmoja aliona inafaa kuandika juu ya majani yanayonukia. Nikisoma habari hizo sihitaji kuambiwa ni nani alikuwa akichota maji yale.

Harufu ndiyo iliyoutawala uteuzi wa mimea ya nyumbani. Kiwanda kilikuwa kidogo, jua lake la saa chache, maji yake ya kuchotwa kwa kata, kwa hiyo mmea ulilazimika kustahili nafasi yake. Asmini ilitoka Bara Hindi, mlangilangi ukatoka mashariki zaidi, na mrehani ukawa kila mahali. Mimea hii haikupandwa ili itazamwe tu. Asmini ilichumwa alasiri ingali tumba, ikatungwa kwa sindano na uzi, ikafunguka usiku nyweleni au juu ya mto. Mrehani, asmini, waridi na vipande vya mkadi vilifungwa pamoja kuwa kikuba. Shada lile lile la mrehani lililompamba bibi harusi lilifuata jeneza na kuwekwa kaburini. Mmea mmoja ukamhudumia mtu tangu arusi mpaka kaburi.

Karne ya 19 ilileta vitu vipya. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844 na baadaye kujulikana kwa jina la Emily Ruete, aliviandika vyumba vya utotoni mwake katika kumbukumbu zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza kuta zenye vishubaka virefu, rafu za mbao zilizojaa vioo na kaure zilizopangwa kwa ulinganifu, vioo vikubwa vya kujitazamia na saa za Ulaya. Karafuu ndizo zilizolipia mengi ya hayo. Katika nyumba za watu wa kawaida zikaingia bakuli za maua ya rangi kali kutoka viwanda vya Uingereza na vya Maastricht, Uholanzi, ambazo bei yake hata mke wa mvuvi aliweza kuimudu. Na Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipovuta maji ya chemchemi mpaka mjini Unguja, kazi ya kunywesha asmini ilipungua uzito kwa wale waliokuwa wakibeba mitungi.

Bibi yangu mzaa mama alirithi haya yote na kuyaendesha kwa vitu alivyovipata. Mrehani wake ulikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, karibu na mlango wa jikoni, kwani aliamini nzi hawaupendi. Asmini ilipandwa kwenye debe la mafuta lililotobolewa matundu chini kwa msumari wa moto. Mbolea ilikuwa ya punda, ambayo Lamu haijapata kukosekana. Maji ya kisima yalipozidi chumvi alikinga ya mvua, na ya kuoshea mchele hayakumwagwa hata siku moja. Kila kopo alilipaka chokaa nyeupe ili liende na ukuta, na kila mwaka kabla ya Ramadhani alilipaka tena. Kidakani aliweka sahani tatu: ya arusi ya mama yake, ya arusi yake, na moja yenye ufa aliyokataa kuitupa. Aliniambia ile ya ufa ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote.

Kisha mambo yakabadilika upesi. Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, majumba mengi ya Mji Mkongwe yaligawiwa familia nyingi, ukumbi mmoja ukawa makazi ya kaya nzima. Watu walipamba kwa walichonacho: masofa yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, kalenda, picha za arusi, maua ya plastiki yaliyoletwa kutoka Dubai. Sioni sababu ya kuwadharau. Aliyeketi usiku kucha akifuma kitambaa cha kochi alifuata njia ile ile ya aliyesuka mkeka wa ukindu wenye rangi: kuifanya nyumba imtambulishe mwenyewe. Yanayoniuma ni ya walanguzi walionunua sahani za kuta kwa bei ya kitoweo na kuacha matundu katika chokaa.

Siku hizi mimea imerudi kwa kishindo. Kandokando ya barabara za Nairobi na Dar es Salaam vitalu vinauza Zamioculcas zamiifolia, mmea wenye majani manene yanayong'aa, ambao wauzaji huuita kwa herufi za mwanzo za maneno mawili ya jina lake. Ni mwenyeji wa misitu na miamba yetu, kutoka Kenya hadi kusini mwa Afrika, Unguja ikiwemo. Huhifadhi maji kwenye tunguu lake la chini, ndiyo maana huvumilia kusahauliwa. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi katika vitalu vyao mwaka 1996, ukaenea maofisini duniani kote, nasi tukaupokea kama mgeni. Sina chuki nao, ninao sebuleni. Lakini hauna harufu, wala hautakusindikiza arusini.

UNESCO iliutia Mji Mkongwe wa Unguja katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Tangu hapo tumejifunza kuhesabu milango, kupima kuta na kufundisha vijana kuchonga nakshi, na ni kazi njema. Lakini ukuta wa vidaka usio na kitu ndani yake ni nusu ya urithi. Nusu ya pili iko katika ujuzi wa wanawake: tumba lichumwe saa ngapi, kikuba kifungwe kwa mpangilio gani, sahani ipi ikae wapi na kwa nini. Ujuzi huo haujawekwa katika orodha yoyote, na walio nao wengi wamevuka miaka sabini. Nawaomba wenye makumbusho, walimu wa shule za pwani na wajukuu wa nyumba zote waende wakawaulize, waandike majina ya mimea na utaratibu wake, kisha wachukue vipandikizi vya asmini kutoka debe la bibi na kuvipanda kwao. Fundi wa mlango aliheshimiwa wakati yu hai. Na wanawake hawa wanastahili hivyo.