Simu ya San Bernardino: nani anaweza kufungua simu iliyofungwa?

Wadau, siku hizi karibu kila mtu ana simu ya kupangusa mfukoni, na karibu kila simu ina namba ya siri. Wengi wetu tunadhani ile namba ni kama komeo la mlango tu, yaani fundi mjanja akiichokonoa simu, akachomoa chipu ya kumbukumbu na kuisoma kwa kompyuta yake, picha na meseji zote atazikuta humo. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Kwa simu za kisasa sivyo tena, na jambo hilo ndilo lililowafikisha Apple na FBI mahakamani mwaka 2016, wakavutana mchana kweupe zaidi ya mwezi mzima kwa ajili ya simu moja ya marehemu. Kesi yenyewe haikuisha kwa hukumu, lakini ukiielewa hiyo umeielewa sehemu kubwa ya ugomvi wa faragha na polisi, kwa hiyo tuanzie hapo.

KISA CHENYEWE

Tarehe 2 Desemba 2015, huko San Bernardino, jimbo la California, Marekani, Syed Rizwan Farook na mkewe Tashfeen Malik waliingia kwenye mkusanyiko wa wafanyakazi wa idara ya afya wakapiga risasi. Watu 14 walikufa na 22 walijeruhiwa. Farook mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa idara hiyo hiyo, wengi wa waliouawa walikuwa wenzake wa kazini. Saa chache baadaye polisi waliwaua wote wawili barabarani.

Simu zao binafsi walikuwa wameshazivunjavunja. Ikabaki simu ya kazini ya Farook, iPhone 5C yenye mfumo wa iOS 9, mali ya serikali ya wilaya. Kumbuka hilo: mwenye simu kisheria alikuwa mwajiri, na mwajiri alikubali ipekuliwe. Hati ya upekuzi nayo ilikuwepo. Kwa hiyo swali la kama polisi wana ruhusa halikuwepo kabisa. Ruhusa wanayo, simu wanayo, ila hawaingii.

Hapo hapo pakatokea kioja. Siku za mwanzo, wilaya ilibadilisha nywila ya akaunti ya iCloud ya Farook kwa maelekezo ya FBI, ili wachukue bekapu zilizoko kwenye seva za Apple. Walizipata, lakini ya mwisho ilikuwa ya tarehe 19 Oktoba, wiki sita kabla ya mauaji. Nywila ikiwa imebadilishwa, simu ikashindwa kutuma bekapu mpya yenyewe. Kama wangeiacha ilivyo na kuipeleka kwenye Wi-Fi iliyoizoea, huenda ingejituma. FBI walijitetea kwamba hata hivyo bekapu isingekuwa na kila kitu. Sawa, lakini ni kama kuchoma daraja halafu unauliza feri iko wapi.

KUFULI LENYEWE LINAFANYAJE KAZI

Hapa ndipo penye utamu, msichoke. Usimbaji fiche maana yake ni kuvuruga data kwa hesabu kali kiasi kwamba asiye na ufunguo anaona takataka tu. Siyo kwamba picha yako imefichwa nyuma ya ukuta. Picha yenyewe imesagwa kuwa unga, na ufunguo ndio pekee unaojua kuurudisha unga kuwa mahindi.

Ufunguo huo haupatikani kwa namba yako ya siri peke yake. Ndani ya chipu ya iPhone kuna namba ndefu sana iliyochomwa humo kiwandani, tofauti kwa kila simu, na Apple wanasema hata wao hawaihifadhi. Namba yako ya siri inachanganywa na ile ya kwenye chipu, na mchanganyiko huo ndio unaozaa ufunguo. Ndiyo maana kuchomoa kumbukumbu na kuipeleka kwenye kompyuta kubwa hakusaidii kitu. Kubahatisha lazima kufanyike kwenye simu ile ile.

Basi si ubahatishe? Namba ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000 tu. Hesabu ya iPhone imetengenezwa makusudi iwe nzito, kila jaribio lichukue kama sehemu 80 za elfu ya sekunde. Zidisha mwenyewe: ni sekunde 800, yaani dakika 13 na kidogo. Ukiweka tarakimu sita inakuwa kama saa 22. Kumbe namba yenyewe si ngome kivile! Ngome ni walinzi watatu waliowekwa juu yake. Wa kwanza anakulazimisha kungoja ukikosea mara kadhaa, na kungoja kunazidi kurefuka. Wa pili, kama mwenye simu alimwasha, anaharibu ufunguo ukikosea mara kumi, na hapo data imekufa moja kwa moja. Wa tatu anataka namba ibonyezwe kwa kidole, siyo kumwagwa na mashine.

Sasa ona FBI waliomba nini. Tarehe 16 Februari 2016 hakimu Sheri Pym aliiamuru Apple itengeneze toleo maalumu la iOS litakalowaondoa hao walinzi watatu. Ufunguo hawakuomba, maana haupo wa kuombwa. Waliomba mbwa afungwe mnyororo ili wao wajaribu funguo zote kwa raha zao. Na kwa nini lazima Apple? Kwa sababu iPhone haikubali mfumo wowote usiokuwa na sahihi ya kidijitali ya Apple. Hata FBI wangeajiri mafundi bora duniani wakaandika programu hiyo wenyewe, bila sahihi simu ingeikataa. Ugomvi wote ule, kwa ndani, ulikuwa juu ya sahihi.

MABISHANO

Serikali ilisimamia sheria ya mwaka 1789 inayoitwa All Writs Act, inayoipa mahakama uwezo wa kutoa amri zinazohitajika ili kazi yake itimie. Sheria ya enzi za farasi, inatumika kwenye iPhone. Mkuu wa FBI wakati huo, James Comey, alisisitiza kwamba ni simu moja tu. Tim Cook wa Apple akajibu kwa barua ya wazi kwamba programu ya namna hiyo ikishatengenezwa itaombwa tena na tena, na siku ikivuja hakuna wa kuirudisha.

Hivi nani alikuwa mkweli kwenye hilo la simu moja? Kwa maoni yangu Cook. Wakati huo huo mwendesha mashtaka wa Manhattan, Cyrus Vance, alikuwa na simu zaidi ya 100 zilizofungwa akingojea matokeo. Na huko Brooklyn kulikuwa na kesi ya dawa za kulevya ambayo serikali ilitumia sheria ile ile. Tarehe 29 Februari jaji James Orenstein aliikatalia serikali, akisema sheria ya 1789 haiwezi kunyooshwa mpaka hapo.

Usikilizwaji wa kesi ya San Bernardino ulipangwa tarehe 22 Machi. Siku moja kabla, serikali ikaomba iahirishwe, eti kuna mtu amejitokeza na njia. Tarehe 28 ikasema simu imefunguka, ikaiondoa kesi. Miaka mitano baadaye, Aprili 2021, gazeti la Washington Post liliripoti kwamba walioifungua ni kampuni ya Australia iitwayo Azimuth Security. Gharama Comey hakuitaja waziwazi, ila kwa dokezo lake waandishi walipiga hesabu wakapata zaidi ya dola milioni 1.3, na seneta Dianne Feinstein baadaye akataja dola 900,000. Ndani ya simu, kwa taarifa zilizotoka Aprili 2016, hakikukutwa kitu cha maana.

Bado kuna mkia. Machi 2018 mkaguzi mkuu wa wizara ya sheria ya Marekani alitoa ripoti ikionyesha kwamba vitengo vya FBI vyenyewe havikuwa vikizungumza vizuri. Kitengo kimoja kilikuwa na mkandarasi aliyekaribia kabisa kupata njia, wakati huo wakubwa wako mahakamani wanasema ni Apple pekee anayeweza.

POLISI NAO WANA HOJA

Tusiwafanye polisi wote wabaya kwenye stori hii. Aprili 2015 mama mmoja mjamzito aliuawa mlangoni kwake Baton Rouge, jimbo la Louisiana. Ndugu zake walisema alikuwa akiandika kumbukumbu za maisha yake ndani ya iPhone yake. Simu ipo, familia inataka ifunguliwe, polisi wana hati, haifunguki. Mwambie mama mzazi wa marehemu habari za hesabu na sahihi za kidijitali uone atakavyokutazama. Hapo faragha inayolindwa ni ya nani?

Tatizo ni kwamba wakubwa wao walipenda kukuza mambo. FBI ilitangaza kwamba kwa mwaka mmoja wa fedha, wa 2017, ilishindwa kuingia kwenye simu karibu 7,800. Mei 2018 ikabidi wakiri kwamba walihesabu vibaya, simu zile zile zilihesabiwa zaidi ya mara moja. Idadi ya kweli ilikadiriwa kati ya 1,000 na 2,000. Bado ni nyingi, ila si 7,800.

MLANGO WA UANI

Mtu atasema: si wawekewe polisi mlango wao wa uani, unaofunguka kwa amri ya jaji tu? Umeshajaribiwa. Mwaka 1993 serikali ya Clinton ilileta chipu ya Clipper, ufunguo wa akiba ukae serikalini. Mwaka 1994 mtafiti Matt Blaze alionyesha kasoro ya kuukwepa utaratibu huo, na miaka michache baadaye mradi ukafa kimya kimya.

Ugiriki ni mfano mbaya zaidi. Mitambo ya Vodafone ya huko ilikuwa na programu ya kunasia simu kwa amri za kisheria. Kati ya 2004 na 2005 watu wasiojulikana waliingia humo wakaitumia kusikiliza simu zaidi ya 100, ikiwemo ya waziri mkuu Kostas Karamanlis mwenyewe. Yaani mlango uliowekwa kwa ajili ya serikali ndio uliomwingilia mkuu wa serikali. Na mwaka 2024 Wamarekani waligundua kwamba wadukuzi waliohusishwa na China, waliopewa jina la Salt Typhoon, wameingia kwenye kampuni zao kubwa za simu, zikiwemo sehemu zinazotumika kwa unasaji wa kisheria. Desemba mwaka huo maofisa wa serikali, FBI wakiwemo, wakawashauri wananchi watumie mawasiliano yenye usimbaji fiche. Naam, FBI wale wale.

Pasipokuwa na mlango wa uani polisi wanabaki na njia ya kununua nyufa. Cellebrite ya Israel na GrayKey ya Marekani zinauza vifaa vya kufungulia simu, na watengeneza simu wanaziba nyufa hizo kila mara, mchezo wa paka na panya usioisha. Wengine wanauza hata uwezo wa kuingia kwenye simu ukiwa mbali, kama Pegasus ya NSO. Bidhaa ya namna hiyo haichagui mteja mwema. Desemba 2021 Reuters iliripoti kwamba iPhone za watumishi wasiopungua tisa wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, walioko Uganda au wanaoshughulikia mambo ya Uganda, ziliingiliwa kwa Pegasus.

NA SISI JE

Simu nyingi mtaani kwetu si iPhone. Ni Android, na kwa muda mrefu Android za bei chee ziliachwa nyuma, kwa sababu prosesa zao dhaifu zilikuwa zikigota zikipewa kazi ya usimbaji. Google walitangaza dawa Februari 2019, njia nyepesi iitwayo Adiantum, na kuanzia Android 10 ya mwaka huo simu mpya zote zinatakiwa ziwe na usimbaji. Ukinunua mtumba, angalia ni Android ya ngapi kabla ya kushangilia kamera.

Halafu usichanganye usimbaji wa simu na wa meseji. SMS ya kawaida inapita mikononi mwa kampuni ya simu ikisomeka. WhatsApp walikamilisha usimbaji wa mwanzo hadi mwisho Aprili 2016, wao wenyewe hawasomi, lakini bekapu yako mtandaoni ni suala lingine, na tangu 2021 kuna sehemu ya kuifunga nayo ambayo lazima uiwashe mwenyewe. Kanuni ni rahisi: anayeshika data yako ndiye atakayeulizwa. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Dar es Salaam na kushtakiwa, pamoja na mengine, kwa kuzuia uchunguzi kwa kutotoa taarifa za watumiaji wake. Asiye na ufunguo hata akibanwa hana cha kutoa.

Ndiyo maana mvutano umehamia kwenye hifadhi za mtandaoni. Mapema 2025 ilifichuka kwamba Uingereza imeipa Apple amri ya siri ya kuwezesha kufikiwa kwa data zilizofungwa iCloud. Tarehe 21 Februari 2025 Apple, badala ya kutoboa tundu, iliacha kuwapa watumiaji wapya wa Uingereza ulinzi wa juu wa iCloud.

Kwa leo fanya haya tu: badilisha tarakimu nne ziwe sita au zaidi, siyo mwaka wako wa kuzaliwa. Na ukiona simu inaelekea mikononi usikokutaka, izime kabisa. Simu iliyozimwa na kuwashwa bila kufunguliwa ni ngumu kuingilika kuliko ile iliyofunguliwa hata mara moja tangu iwashwe, kwa sababu funguo nyingi zinakuwa bado hazijaingia kwenye kumbukumbu. Hata Apple wenyewe tangu 2024 wameifanya iPhone ijizime na kujiwasha ikikaa siku tatu bila kufunguliwa.

Nawasilisha.